Charles Ponzi: Aliyeuza faida ya mpakani isiyokuwapo

Mwezi Julai 1920, mtaa wa School Street katikati ya jiji la Boston, Marekani, ulikuwa haupitiki. Tangu asubuhi watu walipanga foleni kutoka barabarani, wakapanda ngazi hadi kwenye ofisi moja ndogo. Walikuwamo vibarua wa viwandani, wachuuzi, wajane, makarani na hata polisi, kila mmoja na akiba yake mkononi. Walikuja kuikabidhi kwa mtu mmoja mfupi, mchangamfu, mwenye suti nzuri na bakora ya mapambo. Jina lake Charles Ponzi, mhamiaji kutoka Italia ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo hakuwa na mbele wala nyuma.

Ponzi aliahidi jambo moja. Ukimpa dola 100 leo, baada ya siku 45 atakurudishia dola 150. Faida hiyo, alisema, inatokana na kazi ambayo kila mfanyabiashara wa mpakani anaielewa: kununua kitu kwenye nchi ambako ni rahisi na kukiuza kwenye nchi ambako ni ghali. Mwezi uliofuata alikuwa mahabusu. Leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, jina lake ndilo linaloitwa duniani kote kila inapogundulika kampuni inayowalipa waliotangulia kwa fedha za waliofuata.

Mifuko mitupu

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1882 katika mji wa Lugo, kaskazini mwa Italia, na wazazi wake wakamwita Carlo. Katika ujana wake alifanya kazi posta kwa muda, kisha akaenda kusoma chuo kikuu mjini Roma. Masomo hayakumshika. Fedha alizopewa alizimaliza kwenye starehe, na alipoishiwa akaona afanye kama Waitalia wengi wa wakati ule, apande meli kwenda Marekani.

Aliteremka Boston tarehe 15 Novemba 1903. Kwa maelezo yake mwenyewe, mfukoni alikuwa na dola 2 na nusu tu, kwa kuwa nyingine zote zilimwishia kwenye kamari melini. Miaka iliyofuata aliishi kwa kuokoteza. Aliosha vyombo kwenye mikahawa, akapandishwa kuwa mhudumu, kisha akafukuzwa kwa kuwapunja wateja chenji.

Mwaka 1907 alivuka mpaka na kwenda Montreal, Kanada, akapata kazi ya ukarani katika benki ndogo iliyoitwa Banco Zarossi. Wateja wake walikuwa wahamiaji wa Kiitalia. Benki nyingine zilikuwa zikilipa riba ya asilimia 3, lakini Zarossi alilipa asilimia 6. Tena alikuwa mwenzao, anazungumza lugha yao na anajua kijiji cha kila mmoja wao. Watu wakajaa.

Ndani ya daftari, mambo yalikuwa mengine. Benki ilikuwa imekopesha fedha nyingi kwenye majengo na viwanja, na mikopo hiyo ilikuwa hairudi. Riba waliyoifurahia wateja wa zamani ilikuwa inatoka kwenye amana za wateja wapya. Benki ilipoanguka, Zarossi alikimbilia Mexico na waliomwekea akiba wakabaki wanapiga mlango uliofungwa. Karani wake, Ponzi, alikuwa ameona kila hatua ya mchezo huo.

Kwa wakati huo hakuutumia. Mwaka 1908 alighushi hundi ya dola 423 na senti 58, akakamatwa na kuhukumiwa kifungo cha miaka 3. Baada ya kutoka, alirudi Marekani akiwa na Waitalia wenzake waliovuka mpaka kinyume cha sheria, akafungwa tena, safari hii huko Atlanta kwa miaka 2. Watu wa Boston waliokuja kumpa fedha zao mwaka 1920 hawakujua lolote kuhusu habari hizi. Hakuna aliyeuliza alikotoka.

Kuponi kutoka Hispania

Alirejea Boston na mwaka 1918 akamwoa Rose Gnecco, binti wa familia ya wafanyabiashara wa matunda. Alijaribu biashara kadhaa, zote zikaanguka. Moja ilikuwa mpango wa kuchapisha kitabu cha matangazo kwa waagizaji na wasafirishaji wa bidhaa. Kitabu hakikutoka, ila mwaka 1919 ilifika barua kutoka Hispania ikiulizia habari zake. Ndani ya bahasha mlikuwa na kuponi ya posta.

Kuponi hiyo ilikuwa kitu halali kabisa. Mwaka 1906, katika mkutano wake mjini Roma, Umoja wa Posta Duniani ulikubali kuwa na kuponi ambayo mtu anainunua nchini mwake, anaiweka ndani ya barua, na anayeipokea katika nchi nyingine anaibadilisha posta kwa stempu za kujibia. Bei yake ilipangwa kwa makubaliano ya nchi zote.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Fedha za nchi nyingi za Ulaya, lira ya Italia ikiwamo, zikaporomoka mbele ya dola. Bei ya kuponi haikuporomoka kwa kasi ileile. Ponzi alipiga hesabu akaona kwamba dola 1 ikibadilishwa kuwa lira, inanunua kuponi 66 mjini Roma. Kuponi hizo zikifikishwa Boston, kila moja inatoa stempu ya senti 5, jumla dola 3 na senti 30.

Mtu yeyote aliyewahi kusimama Namanga, Busia au Tunduma akitazama shilingi au kwacha ikishuka anaijua hesabu ya namna hii. Bidhaa ni ileile, ila kwa siku chache upande mmoja wa mpaka ni rahisi kuliko mwingine, na mwenye mtaji wa haraka anapata. Kwa hiyo watu waliomwamini Ponzi hawakuwa wapumbavu. Tofauti ya bei aliyowaonyesha ilikuwapo kweli.

Kilichokosekana ni shehena. Kuponi moja ilikuwa na thamani ya senti 5. Ili apate stempu za dola milioni 1, angehitaji kuponi milioni 20. Nani angezinunua dirisha kwa dirisha katika ofisi za posta za Ulaya? Zingekuja kwa meli gani? Na zikishafika, posta ya Marekani ilikuwa inatoa stempu, haitoi fedha taslimu. Stempu hizo zote zingeuzwa kwa nani? Maswali haya angeyauliza mama yeyote anayepeleka mitumba au nyanya ng'ambo ya pili ya mpaka, kabla hajampa mtu mtaji. Boston hayakuulizwa mpaka mambo yalipoharibika.

Siku 45

Januari 1920 Ponzi alifungua kampuni aliyoiita Securities Exchange Company. Ahadi ilikuwa faida ya asilimia 50 kwa siku 45, au fedha kuongezeka mara mbili kwa siku 90. Mwezi wa kwanza walikuja watu 18, wakatoa jumla ya dola 1,800. Siku yao ilipofika walilipwa kamili. Fedha za kuwalipa zilikuwa zimeletwa na waliokuja nyuma yao.

Hiyo ndiyo iliyokuwa tangazo kubwa kuliko gazeti lolote. Mtu aliyelipwa alimwambia shemeji yake, shemeji akamwambia jirani, jirani akawaambia wenzake kiwandani. Ponzi aliajiri mawakala na kuwapa kamisheni ya asilimia 10 kwa kila fedha waliyoleta, na mawakala wakawafuata watu wa kwao, Waitalia kwanza, kisha kila mtu. Kufikia Mei alikuwa amekusanya dola 420,000. Kufikia Julai zilikuwa mamilioni.

Wengi walioiva siku zao hawakuchukua hata senti. Waliona ujinga kuondoa fedha mahali zinapozaa hivyo, wakaziacha ziendelee. Wengine waliweka nyumba zao rehani, wengine wakatoa akiba ya maisha yao yote. Hesabu ya kalamu na karatasi ingetosha kuwashtua: dola 100 zinazoongezeka nusu kila siku 45, zikiachwa mwaka mmoja, zinapita dola 2,500. Hakuna shamba, duka wala mgodi unaozaa hivyo kwa kila anayekuja.

Ponzi mwenyewe aliishi kama mfalme. Alinunua jumba Lexington, nje ya Boston, na gari la fahari lenye dereva. Alinunua hisa za benki ya Hanover Trust mpaka akawa na sauti kubwa ndani yake. Kuponi alizokuwa anazungumzia kila siku, hakuzinunua isipokuwa chache mno.

Swali la sokoni

Mwanya ulifunguliwa na deni la samani. Mfanyabiashara aliyekuwa amemkopesha Ponzi meza na viti alipoanza ofisi, alimpeleka mahakamani mwanzoni mwa Julai akidai dola milioni 1 kama mbia wake. Madai hayo yalifanya watu wajiulize jambo jepesi: mtu aliyekuwa anakopa kiti jana, leo amepata wapi mamilioni?

Gazeti la Boston Post, lililokuwa chini ya usimamizi wa Richard Grozier, lilianza kuchimba. Lilimtafuta Clarence Barron, mchambuzi wa mambo ya fedha aliyeheshimika sana, ambaye alitazama mambo mawili. La kwanza, Ponzi hakuweka fedha zake mwenyewe katika biashara yake. Alinunua majengo na hisa za benki, vitu vinavyozaa kidogo, huku akiwaambia wengine kwamba kuponi zinazaa asilimia 50. La pili, kwa fedha alizokwisha kuzipokea, kungehitajika kuponi milioni 160. Zilizokuwa zikizunguka zilikuwa takriban 27,000 tu. Idara ya posta nayo ikasema haijaona ununuzi wa kiasi hicho mahali popote.

Kuponi milioni 160, zikifungwa mia mia, ni vibunda 1,600,000. Hakuna bandari ambayo mzigo kama huo ungepita bila kuonekana.

Habari zilipotoka mwishoni mwa Julai, watu walikimbilia School Street kudai chao. Ponzi hakujificha. Alishuka kwenye foleni, akatania na watu, akawagawia kahawa na maandazi, na kwa siku chache akalipa karibu dola milioni 2. Wapo waliokuwa wamekaribia dirishani, wakamwona anavyotabasamu, wakaona aibu, wakageuza na kurudi nyumbani na hati zao mkononi. Hao ndio walioumia zaidi.

Lakini alikuwa tayari amewakubalia waendesha mashtaka kwamba hatapokea fedha mpya mpaka hesabu zake zikaguliwe. Makubaliano hayo yalikuwa kitanzi. Biashara halali ikifungwa wiki mbili, mali yake bado iko ghalani. Ya Ponzi ilikuwa haina ghala. Mkaguzi aliyetumwa, Edwin Pride, alipoomba daftari alikuta kadi zenye majina ya watu na kiasi walichotoa, basi. Hakuna kumbukumbu ya kuponi zilizonunuliwa, zilikonunuliwa wala zilikouzwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ilikuwa ya maelfu ya watu.

Tarehe 2 Agosti, William McMasters, mtu ambaye Ponzi mwenyewe alikuwa amemwajiri kumsafishia jina, aliandika katika Boston Post kwamba mwajiri wake anadaiwa kuliko alichonacho. Tarehe 11 gazeti hilo likatoa habari za kifungo cha Montreal. Siku iliyofuata, 12 Agosti 1920, Ponzi alikuwa chini ya ulinzi. Mwaka 1921 gazeti hilo lilipewa tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo.

Waliolipwa wakadaiwa

Takriban watu 40,000 walikuwa wametoa kiasi kinachokadiriwa kufikia dola milioni 15. Hanover Trust ilifungwa, na benki nyingine kadhaa zikaanguka nayo, kwa hiyo wapo waliopoteza akiba bila kuwahi kumwona Ponzi. Waliobaki na hati zake walisubiri miaka, wakapata chini ya senti 40 kwa kila dola waliyotoa.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi sana. Walioshtuka siku za mwisho na kuwahi kuchukua fedha zao hawakuachwa salama. Wasimamizi wa mufilisi waliwafuata mahakamani, na kesi ikafika hadi Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani. Mwaka 1924 mahakama hiyo iliamua kwamba waliolipwa katika siku zile za Agosti, Ponzi akiwa tayari amefilisika, warudishe. Hoja ilikuwa kwamba wote walikuwa waathirika wa ulaghai mmoja, fedha zilizokuwa benki zilikuwa zimechanganyika, na haki ni kugawana sawa kilichobaki. Anayefikiri kwamba atachezea moto kidogo kisha atoke kabla haujawaka, alijibiwa siku hiyo. Fedha aliyoondoka nayo ilikuwa ya mtu aliyesimama nyuma yake kwenye foleni.

Mwisho wa safari

Ponzi alikiri kosa la kutumia posta kwa ulaghai na kufungwa miaka 5, akatumikia 3 na nusu. Alipotoka, jimbo la Massachusetts likamshtaki upya kwa wizi. Akiwa nje kwa dhamana mwaka 1925, alikwenda Florida, ambako watu walikuwa na kichaa cha kununua ardhi, akaanza kuuza viwanja. Aliahidi faida ya asilimia 200 kwa siku 60. Sehemu kubwa ya ardhi yenyewe ilikuwa kinamasi. Akatiwa hatiani tena, akatoroka kuelekea Texas, akanyoa kichwa na kufuga masharubu, akapanda meli ya kwenda Italia. Alikamatwa New Orleans kabla meli haijatoka nchini.

Alikaa gerezani hadi mwaka 1934, kisha akafukuzwa Marekani na kurudishwa Italia, kwa kuwa hakuwahi kuwa raia. Rose hakufuatana naye. Alibaki Boston na baadaye akadai talaka. Ponzi aliishia Brazil, akafanya kazi katika shirika la ndege la Kiitalia mpaka vita vilipolifunga. Alifariki dunia tarehe 18 Januari 1949 mjini Rio de Janeiro, katika wodi ya hospitali ya maskini, akiwa karibu kipofu na mwili umepooza upande mmoja.

Mchezo wenyewe haukufa naye. Kenya iliuona mwaka 2006 na 2007, pale kampuni za piramidi zilipoporomoka na akiba za wananchi. Tanzania iliuona kupitia DECI, ambako watu waliambiwa wapande mbegu wasubiri mavuno, mpaka serikali ilipoifunga mwaka 2009. Siku hizi kuponi imebadilishwa jina. Inaitwa sarafu ya mtandaoni, dhahabu, kuku au biashara ya fedha za kigeni, na foleni iko ndani ya simu.

Haya si sawa na upatu wa sokoni au chama cha akina mama. Katika upatu wa kweli watu wanajuana, wanaotoa ni walewale wanaopokea, na hakuna anayeahidiwa zaidi ya alichochanga. Anayeleta ahadi ya faida isiyopungua, kwa tarehe maalumu, tena kamisheni kwa kila utakayemleta, huyo anaendesha kitu kingine.

Mfanyabiashara wa mpakani ana kinga ambayo watu wa Boston hawakuitumia, kwa sababu kazi yake ya kila siku ni kuuliza: mzigo uko wapi, ni kiasi gani, umepita forodha ipi, na mnunuzi ni nani. Maswali hayohayo yanafaa kwa anayeomba akiba yake. La tano ni leseni. Tanzania ina Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na Kenya, Uganda na Rwanda zina mamlaka zao za namna hiyo, sambamba na benki kuu. Leseni ya nchi moja haimruhusu mtu kukusanya fedha za umma upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo inafaa kuulizia pande zote mbili, na kuulizia mamlaka yenyewe badala ya wakala aliyekuja na karatasi yenye mhuri.

Na mtaji wa biashara ukae mbali na fedha ya majaribio. Waliopona haraka Boston ni wale waliopoteza kiasi kidogo. Walioweka rehani nyumba walihitaji miaka, na wengine hawakurudi tena walipokuwa.